Giannini: Muuza mboga aliyeficha fedha za benki chini ya machungwa

KABLA ya kumiliki benki, Amadeo Peter Giannini alikuwa mfanyabiashara wa matunda na mboga. Alizaliwa Mei 6, 1870 mjini San Jose, jimbo la California, Marekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Baba yake, mkulima, aliuawa katika ugomvi wa deni dogo Giannini akiwa bado mtoto.

Alikulia katika biashara ya baba yake wa kambo, akinunua mazao kwa wakulima na kuyauza San Francisco. Huko aliona kuwa benki kubwa hazikuwajali wakopaji wadogo. Oktoba 17, 1904 akafungua Bank of Italy, iliyohudumia wavuvi, wachuuzi na vibarua.

Aprili 18, 1906 tetemeko la ardhi na moto viliuteketeza mji huo. Giannini alizitoa fedha za benki kwa mkokoteni wa farasi, zikiwa zimefunikwa kwa makasha ya machungwa ili wezi wasizione. Siku chache baadaye alikuwa akikopesha watu bandarini, wakati benki nyingine zikisubiri makabati yao ya chuma yapoe.

Mwaka uliofuata hofu ilizikumba benki za Marekani, na waweka amana wakakimbilia kutoa fedha zao. Giannini alikuwa ameziona dalili mapema na kulimbikiza dhahabu. Benki nyingi zilibana malipo, lakini yake iliendelea kulipa.

Kuanzia 1909 alifungua matawi katika miji mingine ya California. Hivyo, zao likianguka wilaya moja, amana za wilaya nyingine ziliibeba benki. Mwaka 1930 benki hiyo ilichukua jina la Bank of America.

Hata hivyo, tahadhari ya mtu mmoja haikutosha. Katika mdororo ulioanza 1929, maelfu ya benki za Marekani zilikufa na akiba za wananchi zikapotea. Machi 1933 serikali ilizifunga kwa muda benki zote, ya Giannini ikiwamo, kisha ikaruhusu zilizo imara kufunguliwa. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya bima ya amana, na kuanzia Januari 1934 kila mteja wa benki iliyojiunga alikingwa hadi dola 2,500.

Giannini alifariki Juni 3, 1949. Benki yake ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani, lakini mali aliyoiacha haikufika dola 500,000.