Mirambo wa Unyamwezi na Jina la Maiti



Ndugu msomaji, twataka kukueleza habari za mtu ambaye babu zetu waliosafiri bara walimjua kwa khofu kabla ya kumjua kwa sura. Mtu huyo ni Mirambo wa Unyamwezi. Neno mirambo kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti. Si maiti mmoja, bali maiti wengi. Jina hili hakupewa na wazee wake siku ya kuzaliwa kwake. Alilitwaa mwenyewe ukubwani, vitani, na hapo ndipo penye mazingatio.

Alizaliwa yapata mwaka 1840. Baba yake alikuwa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo iliyo magharibi ya Tabora. Jina la utoto wake lilikuwa Mbula Mtelya, na wengine huliandika Mtyela. Na mbula kwa lugha yao ni mvua. Tazama basi: mtoto aliyeitwa kwa jina la neema, ambayo mkulima huinua uso mbinguni akiitazamia, ndiye aliyekuja kuitwa Maiti.

Siku za ujana wake Wangoni walikwisha ingia Unyamwezi wakitoka kusini, nao walikuwa watu wa vita vikali. Mbula akajifunza mbinu zao. Alipourithi utemi wa baba yake, hakuridhika na nchi ile ndogo. Akakusanya vijana wasio na kwao, watoro na wapiga bunduki, ambao waliitwa rugaruga, akawapa silaha na kuwagawia nyara. Akatwaa nchi moja baada ya moja. Watemi waliotii aliwaacha, na waliokataa aliwaondoa akaweka wengine. Ndipo jina la vita likamganda, na jina la mvua likasahauliwa. Naye hakulikataa, kwa kuwa lilimfaa: mji uliosikia kwamba Maiti yuaja, nusu yake ulikwisha shindwa kabla ya bunduki ya kwanza kulia.

Basi ikawa njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo na kupita Tabora hata Ujiji, imeingia mkononi mwake. Pembe zote za ndovu za upande wa ziwa zilipita karibu naye. Yeye akataka hongo: baruti na bunduki na nguo. Waarabu wa Unyanyembe, na Waswahili wa Mrima waliokuwa pamoja nao, wakaona hongo ile imepita kiasi. Yeye naye akawashitaki kwamba wanawasaidia adui zake, na kwamba wamejifunga na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, dhidi yake. Kila upande ulikuwa na hoja yake, wala hapana aliyetaka kuisikia ya mwenziwe. Mwaka 1871 njia ikafungwa, na vita vikaanza.

Mwezi wa Agosti mwaka huo likatoka jeshi la Tabora, watu zaidi ya elfu mbili. Katika hao alikuwako Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone. Wakaitwaa boma ya Zimbizo, nyoyo zao zikapanda. Ndipo kijana mmoja shujaa, Suud bin Said bin Majid, akachukua watu yapata mia tano akaenda kuipiga Ulyankulu, iliyo kaskazini-magharibi ya Tabora, nayo ilikuwa chini ya Mirambo. Wakaingia mji, wakapata pembe na nguo na watumwa wengi, wakashika njia ya kurudi wakiwa wamelemewa na mizigo. Kumbe Mirambo hakuwa amekimbia. Alikuwa amejificha na watu wake katika majani marefu kandokando ya njia. Wakawaacha hata walipokuwa katikati, kisha wakawazukia pande zote mbili. Suud akauawa, na wengi pamoja naye, na nyara zote zikarudi kwa mwenyewe. Siku ile katika nyika za Ulyankulu jina la Maiti lilihakikishwa kwa maiti zetu.

Siku chache baadaye akaja Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mtu mwenye cheo na ushujaa, akatoka kumkabili na wachache waliomfuata, akauawa. Sehemu ya mji ikatiwa moto. Sayyid Barghash akapeleka askari kutoka Unguja, lakini vita vikaendelea miaka, na bei ya pembe ikapanda, na mali za watu zikapotea, hata pande zote mbili zikachoka.

Na jambo la ajabu ni hili: waliomwona kwa macho hawakumkuta kama jina lake. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alimkuta mtu mtaratibu, mwenye sauti ya upole na adabu ya mkutano, nao wakachanjiana udugu. Mwaka 1879 alimkaribisha tabibu wa misheni ya Kiingereza, Southon, akae Urambo. Na Hamed bin Muhammad el-Murjebi, mfanya biashara wetu mkubwa, alipokuwa akirudi pwani mwanzoni mwa miaka ya 1880, alipatana naye kwa wema. Na huyu Hamed naye, aliyepewa na wazee wake jina litokanalo na kusifu, ulimwengu wamjua kwa jina la Tippu Tip, ambalo yeye mwenyewe alilifasiri kuwa ni mlio wa bunduki zake. Wakakaa pamoja mezani, kwa maneno, Maiti na Mlio wa Bunduki. Na mama zao waliwaita Mvua na Mwenye Kusifu.

Mirambo alikufa kwa maradhi ya koo tarehe 2 Desemba 1884. Nduguye Mpandashalo akashika mahali pake, lakini ufalme uliojengwa kwa khofu haukudumu. Nchi zikajitenga, na Wajerumani walipofika Tabora mwaka 1890 hawakukuta dola ya kuwazuia.

Ndugu yangu, yatupasa kupima sawasawa. Jina kwa nafsi yake haliui wala haliokoi, na mwenye kuamini kwamba jina ndilo lililoleta balaa amekosea, maana yote yako katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume (s.a.w.) hakulidharau jina. Mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani mwenye kuasi, alimwita Jamila. Na alipomtaka mtu aliyeitwa Hazn, yaani ardhi ya mawe, aitwe Sahl, yaani ardhi ya tambarare, yule akakataa kuacha jina la baba yake. Na mjukuu wake, Said bin al-Musayyab mwanachuoni wa Madina, alikuja kusema kwamba ugumu haukutoka nyumbani kwao.

Nasi pwani tunao watoto walioitwa Shida, na Taabu, na Mashaka, na Majuto, kwa sababu ya msiba uliowapata wazee wao mwaka ule. Msiba hupita, na mtoto hubaki akiuchukua mabegani hata uzeeni. Basi siku ya saba, akika inapochinjwa, baba asitazame machozi yake mwenyewe. Atazame umri wa mwanawe.

Na likiisha tolewa jina jema, kazi haijesha. Kasanda alifanya wajibu wake, akamwita mwanawe kwa jina la mvua. Aliyelibadili ni mwana mwenyewe, kwa matendo yake. Leo liko jina la Mirambo katika mtaa wa Dar es Salaam na katika kambi ya askari Tabora, na watu hulitaja bila kukumbuka maana yake. Na nchi ile ile ya Ulyankulu, tangu mwaka 1972, ilipokea maelfu ya watu wa Burundi waliokimbia mauaji kwao, wakalima na kuzaa humo. Ardhi iliyojulikana kwa maiti ikawa kimbilio la walio hai.

Basi mwenye jina baya na asikate tamaa, na mwenye jina jema na asijivune. Mwenyezi Mungu atujaalie majina mema, na matendo yafananayo nayo. Amin.