Emil Fischer (1852–1919)
Mtahiniwa, ukiulizwa kwa nini amilesi huvunja wanga lakini haigusi protini, mkumbuke Emil Fischer. Alizaliwa Euskirchen, Ujerumani. Baba yake alitaka aingie kwenye biashara ya mbao. Yeye akachagua kemia. Mwaka 1875 aligundua fenilihidrazini, kemikali iliyomsaidia kuchunguza aina za sukari, lakini hiyohiyo ikamharibia afya. Mwaka 1894 alieleza kuwa kimeng'enya na dutu kinayoivunja hulingana maumbo kama kufuli na ufunguo wake. Mwaka 1902 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alionyesha pia kuwa asidi amino huungana kwa bondi ya peptidi, na kila zinapoungana mbili hutoka molekuli moja ya maji. Kufikia 1907 alikuwa ameunganisha asidi amino 18. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifiwa na wanawe wawili kati ya watatu. Alifariki Berlin mwaka 1919.

Zingatia: Joto kali huharibu umbo la kufuli, hivyo ufunguo hauingii tena. Usiandike kwamba kimeng'enya kimekufa, kwa maana hakikuwa hai; andika kwamba umbo lake limebadilika. Hapo ndipo wengi hupoteza alama.