Ahadi Ni Deni: Benjamin Franklin na Mtaji wa Matbaa

Benjamin Franklin alizaliwa mjini Boston mwaka 1706. Alipotimu umri wa miaka 12, alitiwa uanagenzi katika matbaa ya kakake, James. Mwaka 1723 alitoroka, akaingia Philadelphia akiwa na ujuzi mkononi na mfuko mtupu.

Katika karne ya 18, ujuzi pekee haukumfanya mtu kuwa mchapishaji. Mtambo na herufi za risasi viliagizwa kutoka Uingereza, na gharama yake ilitangulia faida. Gavana William Keith wa Pennsylvania aliahidi kumfungulia kijana huyu matbaa, akamtuma London mwaka 1724 akanunue vifaa. Barua za dhamana alizoahidiwa hazikuandikwa kamwe. Franklin aliajiriwa katika matbaa za huko hadi aliporejea Philadelphia mwaka 1726.

Alipokuwa akimfanyia kazi Samuel Keimer, herufi zilipungua. Akabuni kalibu na kuzisubu mwenyewe. Hatimaye aliungana na mfanyakazi mwenzake, Hugh Meredith. Babake Meredith angetoa fedha, Franklin angetoa ujuzi. Vifaa viliwasili mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakanunua gazeti la Keimer, Pennsylvania Gazette. Hata hivyo, mzee Meredith alimudu kulipa pauni 100 tu. Pauni 100 nyingine zilimshinda, na mfanyabiashara aliyewadai akawashtaki. Matbaa nzima ilikuwa karibu kupotea.

Hapo ndipo William Coleman na Robert Grace walipojitokeza, kila mmoja kwa siri, kumkopesha Franklin fedha zote alizohitaji. Alipokea nusu kwa kila mmoja, asimkwaze yeyote. Mwaka 1730 Meredith alijitoa, kwa sharti la kurejeshewa pauni 100 za babake, kulipiwa madeni yake madogo, na kupewa pauni 30 pamoja na tandiko jipya la farasi.

Franklin alilipa madeni hayo hatua kwa hatua. Kufikia mwaka 1731 yeye mwenyewe alikuwa akimfadhili Thomas Whitmarsh kufungua matbaa huko South Carolina, kwa thuluthi moja ya faida. Aidha, sehemu ya pato la gazeti lake ilitokana na matangazo ya kuuza watumwa, doa lisilofutwa na uongozi wake wa chama cha kupinga utumwa kuanzia mwaka 1787.

Alifariki mwaka 1790. Ahadi ya gavana ilimwacha ugenini bila kitu. Imani ya marafiki wawili ndiyo iliyomjengea matbaa.