EDWARD STEERE NA PAA LA ZEGE

Je, umepata kuona sakafu ya saruji iliyopasuka? Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyejenga paa la zege Unguja, naye akafika mpaka Masasi. Kisha utajifunza kwa nini zege hupasuka.

Edward Steere alizaliwa Uingereza mwaka 1828. Alisoma sheria, kisha akawa padri. Mwaka 1864 alifika Unguja. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1870 vitabu vyake juu ya lugha hiyo vilichapishwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kubwa liliwekwa mahali hapo, Mkunazini. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa lilijengwa kwa zege la saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, likapindwa mfano wa tao.

Kwa nini paa hilo halikuanguka? Zege lina nguvu nyingi likikandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Katika tao, uzito wa kila sehemu huikandamiza sehemu ya jirani, mpaka uzito wote ufike ukutani. Jengo hilo lingali limesimama, ingawa limehitaji matengenezo makubwa.

Mwaka 1876 Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kwenda bara. Walishuka Lindi, wakatembea kwa miguu mpaka Masasi, wakaanzisha kijiji huko. Steere alirudi Unguja akaendelea na kazi. Alifariki mwaka 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Sasa fikiri juu ya sakafu za Masasi na Newala. Sakafu si tao. Imelala juu ya ardhi. Zege likikauka husinyaa, na likilowa huvimba kidogo. Likipata joto hutanuka, na likipoa hujikunyata. Mara nyingi upande wa juu hukauka upesi kwa jua na upepo, lakini upande wa chini hubaki na unyevu wa ardhi. Upande wa juu husinyaa, nao wa chini hausinyai. Kwa hiyo kingo za sakafu huinuka. Ukizikanyaga, zege huvutwa, nalo hupasuka. Bila shaka umeona tope la dimbwi likikauka: hukatika vipande, na kingo zake hujikunja juu. Sakafu hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo sana.

Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Kwa hiyo sakafu mpya hufunikwa na kuloweshwa kwa muda wa siku 7 au zaidi. Katika nyanda za juu za Newala upepo ni mwingi na maji ni ya shida, kwani mvua huzama chini sana katika mchanga. Tangu zamani akina mama na watoto wameteka maji katika chemchemi zilizo chini ya mteremko, wakayapandisha kichwani. Ndiyo sababu fundi mwenye busara hamwagi maji ovyo. Hutandaza magunia au mchanga uliolowa juu ya sakafu, ili maji machache yadumu. Tena hugawa sakafu katika vipande na kuacha nafasi nyembamba kati yake, ili zege lipate mahali pa kutanuka na kusinyaa.

Jaribio
Chukua udongo wa mfinyanzi uliolowa. Tengeneza vipande viwili vyembamba vilivyo sawa. Kimoja kianike juani. Cha pili kifunike kwa kitambaa chenye maji, ukiweke kivulini. Vitazame baada ya siku 2. Andika tofauti unazoziona.

Maswali
1. Paa la kanisa la Mkunazini lilijengwa kwa vitu gani?
2. Kwa nini kingo za sakafu huinuka?
3. Taja njia mbili za kuzuia nyufa.
4. Chunguza sakafu ya darasa lako. Nyufa ziko wapi zaidi?