Anders Celsius na Nyuzi za Joto

Mwanafunzi, huenda umeona kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Kimoja kina zebaki. Kingine ni cha siku hizi, ambacho mtu huweza kukiunda mwenyewe kwa mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana, nacho huonyesha tarakimu zinazowaka. Kando ya tarakimu hizo imeandikwa herufi C. Herufi hiyo inatokana na jina la mtu.

Anders Celsius alizaliwa mwaka 1701 katika mji wa Uppsala, nchini Uswidi. Baba yake na babu zake wote wawili walikuwa maprofesa. Naye akawa profesa wa elimu ya nyota mwaka 1730.

Zamani zile kila fundi alitia alama vipimajoto vyake apendavyo. Je, watu wa miji miwili wangewezaje kulinganisha joto la kwao? Celsius alitafuta alama mbili ambazo kila mtu angeweza kuzipata. Ya kwanza ilikuwa theluji inayoyeyuka. Alikitia kipimajoto ndani yake mara nyingi, na kila mara zebaki ilisimama palepale. Ya pili ilikuwa maji yanayochemka. Hapa palikuwa na tatizo, kwani aliona kwamba kiwango cha kuchemka hubadilika kufuatana na kanieneo ya hewa. Kwa hiyo alitaka kanieneo hiyo itajwe daima.

Mwaka 1742 aligawa nafasi iliyo kati ya alama hizo katika sehemu 100. Utashangaa kusikia kwamba 0 aliiweka kwenye maji yanayochemka, na 100 kwenye theluji! Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1744, akiwa na umri wa miaka 42 tu, na baada ya hapo namba zikageuzwa. Nyuzi hizo ziliitwa sentigredi hadi mwaka 1948, zilipopewa rasmi jina lake.

Sasa fikiria kwamba umeunda kipimajoto chako mjini Singida, ulio meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbele ya mwalimu, tia ncha yake ya kupimia, ile isiyopenya maji, katika barafu inayoyeyuka. Kitasoma 0. Kisha itie katika maji yanayochemka. Kitasoma karibu 95. Usikifungue ukidhani kimeharibika. Singida kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Kipeleke Tanga, uchemshe maji huko, nacho kitasoma 100.