Bertha Benz: Mama aliyepigilisha ngozi kwenye breki akiwa safarini

Tunduma. Kutoka mpakani hapa hadi Mbeya mjini ni takriban kilomita 100. Kwenda unashuka Senjele, kurudi unashuka Iwambi, na njia nzima uko katikati ya malori ya mizigo ya Zambia na Kongo. Anayeizoea barabara hii anaijua harufu ya breki zinazoungua.

Ndiyo maana lile swali la dukani kwa spea, nichukue pedi gani na diski nibadilishe au niache, huku kwetu si swali dogo.

Sasa, mtu wa kwanza anayejulikana kukutana na swali hilo akiwa njiani na gari la injini hakuwa fundi gereji. Alikuwa mama wa miaka 39, ana wanawe wawili, na safari yake ilikuwa karibu sawa kwa umbali na hii yetu ya Tunduma na Mbeya.

Jina lake ni Bertha Benz. Ndiyo, Benz hiyo hiyo unayoifikiria.

Alizaliwa Mei 3, 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini mwa Ujerumani, kwenye familia ya fundi seremala aliyefanikiwa kimaisha. Inasimuliwa kwamba akiwa binti mdogo alikuta baba yake ameandika kwenye Biblia ya familia maneno ya kusikitika kwamba aliyezaliwa ni msichana tena. Kama ni kweli, basi alikuwa na jambo la kuthibitisha maisha yake yote.

Alipochumbiwa na Karl Benz, fundi mitambo mwenye akili nyingi na mfuko mtupu, karakana ya huyo bwana ilikuwa inayumba kwa sababu ya mshirika asiyeaminika. Bertha akaomba fedha za mahari yake mapema (kwa mila zao hutolewa na upande wa mke) na zikatumika kumuondoa yule mshirika. Wakafunga ndoa mwaka 1872.

Kwa maneno mengine, mwekezaji wa mwanzo wa gari lile alikuwa yeye. Ila sheria ya wakati ule haikumpa mke nafasi kwenye hati ya uvumbuzi, kwa hiyo hati ya Januari 29, 1886 ina jina la Karl peke yake.

Gari likawa tayari, wateja hakuna. Karl alikuwa mtu wa kurekebisha hiki na kile, haoni kama kazi imeisha, na watu walikiogopa chombo kile cha magurudumu matatu. Bertha akaona wakiendelea hivi hela zote zitaisha.

Agosti 1888, alfajiri, mume akiwa bado amelala, yeye na wanawe Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13 wakalitoa gari nje na kuondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa bibi yao. Kilomita 106 hivi. Karl hakuaga­nwa, aliachiwa ujumbe tu.

Kabla ya hapo magari yalikuwa yakifanyiwa majaribio ya umbali mfupi, kisha yanarudi karakana. Hakukuwa na kituo cha mafuta popote. Injini ilitumia ligroini, kimiminika kilichouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia madoa, kwa hiyo mji wa Wiesloch aliinunua duka la dawa. Duka hilo hadi leo linajivunia kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani.

Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ukachubuka, akauzungushia mkanda wa kushikia soksi. Mnyororo ulipozingua, akamtafuta mhunzi. Milima ilipokuwa mikali, vijana walishuka wakasukuma.

Halafu ikaja mitelemko.

Breki ya gari lile ilikuwa kipande cha mbao kinachobanwa kwenye gurudumu. Basi. Mbao ikisuguana na gurudumu kwenye mteremko mrefu inapata moto, inalika na kuanza kuteleza. Unakanyaga au unavuta, gari linaendelea kushuka. Dereva wa hapa Songwe hahitaji kuelezwa zaidi.

Walipofika kijiji cha Bauschlott, karibu kabisa na mwisho wa safari, Bertha alikwenda kwa fundi viatu. Akamwambia apigilie ngozi juu ya zile mbao. Ngozi ile ile ya soli.

Ukitulia uangalie alichofanya utaona kitu kikubwa. Hakubadilisha breki nzima. Aliweka juu yake kitu laini zaidi, kinachoshika vizuri, ambacho kazi yake ni kulika badala ya kingine, na kikiisha unaweka kipya. Hiyo ndiyo pedi. Vyote vilivyofuata ni mabadiliko ya malighafi.

Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza vifaa vya msuguano vya breki, na kampuni yake ya Ferodo ipo madukani mpaka leo. Mwaka 1902 Mwingereza mwingine, Frederick Lanchester, akapata hati ya uvumbuzi wa breki ya diski. Ikaja asbesto, inayovumilia moto sana lakini vumbi lake linaua mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Kwa hiyo fundi anayepuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa huku amekaa usoni pake, mwambie aache. Hujui pedi za zamani zilitengenezwa na nini.

Sasa turudi dukani, maana suala la Bertha bado lipo pale pale: kipi kilike, na kitavumilia moto kiasi gani?

Breki haifanyi kingine zaidi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Spidi ikiwa mara mbili, joto la kuondoa linakuwa mara nne. Mjini Tunduma kwenye foleni, pedi yoyote nzuri itakufaa. Kwenye mteremko ndipo tofauti inaonekana.

Pedi za kawaida zisizo na chuma ndani ni laini, hazipigi kelele, bei yake nafuu, lakini zikipata moto sana zinapoteza mshiko. Zenye mchanganyiko wa chuma zinavumilia joto zaidi, ila zina kelele na zinakula diski haraka. Za serami hazina vumbi jingi na ni tulivu, ila bei imechangamka. Kama kila wiki unapanda na kushuka Mbeya umejaza abiria na mizigo, mimi ningechukua zenye chuma na kukubali kelele. Kama gari ni la kwenda kazini Vwawa na kurudi, usijitese.

Kwenye diski watu wengi wanakosea. Diski ina unene wa mwisho unaoruhusiwa, mara nyingi umegongwa kwenye chuma chenyewe baada ya herufi MIN TH. Fundi apime. Ikiwa chini ya hapo, au itakuwa chini ya hapo ikichongwa, ni ya kutupa, hata kama kwa macho inang'aa. Diski nyembamba inapata moto haraka na inaweza kupasuka. Kama usukani unatetemeka ukikanyaga breki, pedi mpya peke yake hazitakusaidia kitu. Na zile zenye matundu ya kupendeza za magari ya mashindano, kwa gari la barabarani ni urembo, tena matundu yale ndipo nyufa huanzia.

Badilisha magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, usibadilishe moja. Kagua pedi kabla ya kulipa: nyenzo ikiwa imeachia kwenye bati la nyuma au ina nyufa, rudisha, hata boksi liwe limeandikwa jina kubwa namna gani. Zikishafungwa, usizipeleke Senjele siku hiyo hiyo. Kwanza zizoeshe kwenye barabara tambarare, punguza mwendo taratibu mara kadhaa, ukiacha zipoe katikati.

Bertha alifika Pforzheim jioni, akampelekea mumewe telegramu kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye wakarudi na gari lile lile. Alichokileta nyumbani ni taarifa ya majaribio ambayo hakuna karakana ingeitoa: breki zinahitaji kitu cha kuzivika, na gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima. Gia hiyo Karl aliiweka. Habari za safari zilisambaa, na mwezi uliofuata gari lao likapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Munich.

Biashara ilikua, kisha mwaka 1926 ikaungana na ya Daimler. Karl alifariki mwaka 1929. Bertha aliendelea kuishi Ladenburg, akashuhudia dunia ikijaa magari na vita mbili kubwa zikipita juu yake.

Mei 3, 1944, siku aliyotimiza miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe, kilimtunuku heshima ya useneta wa chuo. Siku mbili baadaye akafariki dunia. Amezikwa Ladenburg, na tangu mwaka 2008 njia aliyopita na wanawe ina vibao vyenye jina lake.