Anwar Sadat: raisi aliyekwenda nyumbani kwa adui yake



Katika makanisa yetu tunaomba mara nyingi kwa ajili ya Israeli, na ni vema. Lakini tukiitaja Israeli, wengi wetu tunawaza mara moja juu ya Waarabu kama adui wa siku zote, kana kwamba ugomvi ule ulipangwa tangu siku za Abrahamu na hakuna mtu awezaye kuugusa. Maisha ya Anwar Sadat, raisi wa Misri, yanaonyesha jambo lingine. Tena yanatugusa sisi Wakongo kwa njia mbili: alileta watu wake hapa Katanga, na maji yaliyomhangaisha yanatoka kwa sehemu katika milima na maziwa yetu ya mashariki.

Mtoto wa kando ya mto

Sadat alizaliwa tarehe 25 Desemba 1918 katika kijiji cha Mit Abu al-Kum, katika delta ya Nili, jamaa yenye watoto 13. Mama yake alikuwa na asili ya Sudan, na mtoto alichukua rangi ya mama. Misri ni jangwa. Mvua karibu hainyeshi, na watu karibu wote wanakaa kandokando ya mto mmoja. Mkulima wa kule haangalii mawingu, anaangalia mto. Mtu aliyekulia hapo hasahau kwamba mto ule unatoka mbali, katika nchi za watu wengine.

Alimaliza shule ya maofisa wa jeshi mwaka wa 1938. Wakati ule Waingereza walikuwa wangali na nguvu Misri. Katika vita vya pili vya dunia alishirikiana na Wajerumani ili awafukuze Waingereza, akafungwa mwaka wa 1942. Baadaye alifungwa tena katika kesi ya kuuawa kwa waziri mmoja, akaachiliwa mwaka wa 1948. Katika chumba namba 54 cha gereza la Kairo alikaa muda mrefu peke yake. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mle ndimo alipojifunza kwamba mtu asiyeweza kubadili mawazo yake hataweza kubadili kitu kingine.

Tarehe 23 Julai 1952 maofisa wa jeshi, pamoja na Gamal Abdel Nasser, walimwondoa mfalme Farouk. Sadat ndiye aliyesoma tangazo katika radio. Nasser alipokufa tarehe 28 Septemba 1970, Sadat, aliyekuwa msaidizi wake, alichukua nafasi yake. Wengi walimwona ni mtu dhaifu, wa miezi michache tu.

Vita

Israeli ilikuwa imetwaa jangwa la Sinai mwaka wa 1967. Tarehe 6 Oktoba 1973, siku takatifu ya Wayahudi ya Yom Kippur, tena katika mwezi wa Ramadhani, askari wa Sadat walivuka mfereji wa Suez kwa ghafula. Maelfu walikufa pande zote mbili. Mmoja wao alikuwa Atef, mdogo wake Sadat, rubani wa ndege ya vita.

Siku mbili mbele ya vita hivyo, tarehe 4 Oktoba, raisi Mobutu alisimama New York katika mkutano wa Umoja wa Mataifa akatangaza kwamba Zaire inavunja uhusiano na Israeli. Haikuwa jambo dogo, maana Waisraeli ndio waliowafundisha baadhi ya waparakomando wake, na yeye mwenyewe aliwahi kufundishwa kwao. Alichagua upande wa Misri, nchi ya Kiafrika iliyonyang'anywa ardhi. Katika majuma yaliyofuata, nchi nyingi za Afrika zilifanya vilevile.

Njia ya Yerusalemu

Vita vilimrudishia Sadat heshima, lakini havikujaza sahani za watu wake. Mwezi wa Januari 1977 serikali ilipotangaza kwamba bei za vyakula zitapanda, mkate nao ukiwamo, raia waliingia barabarani siku mbili. Watu wengi walikufa, na serikali ikarudisha bei za zamani.

Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, wapiganaji kutoka Angola waliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, wakafika hata Mutshatsha, njia ya Kolwezi. Moroko ilituma askari 1500, na Sadat alituma marubani na mafundi wa ndege karibu 50. Aliogopa kwamba Warusi, aliowafukuza kutoka jeshi lake mwaka wa 1972, wangeizunguka Sudan na njia ya Nili. Kwa hiyo hata mambo ya Kolwezi, kwake, yalikuwa na harufu ya maji.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Tarehe 9 Novemba 1977 aliliambia bunge lake kwamba yuko tayari kwenda hata katika bunge la Israeli ili kutafuta amani. Waziri wake wa mambo ya nje alijiuzulu. Tarehe 19 Novemba ndege yake ilitua Israeli, na waziri mkuu Menachem Begin akampokea. Kesho yake, siku ya Idi ya Kuchinja, Sadat alisali katika msikiti wa Al-Aqsa, akaingia katika kanisa la Kaburi la Bwana, akatembelea mahali pa ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na Hitler, kisha akasema na wabunge. Hakuficha masharti yake: ardhi irudishwe, na Wapalestina wapewe haki yao. Lakini aliyasema akiwa nyumbani mwao, uso kwa uso.

Mwezi wa Septemba 1978 Jimmy Carter, raisi wa Marekani na Mbatisti aliyefundisha shule ya Jumapili, aliwaweka Sadat na Begin katika kambi ya Camp David siku 13. Mwanzoni, wale watatu, Mkristo, Mwislamu na Myahudi, waliwaomba watu wote wa dunia wawasaidie kwa sala. Tarehe 26 Machi 1979 mapatano ya amani yalitiwa sahihi. Sinai ingerudi Misri.

Maji ya nani?

Baada ya mapatano, Sadat alisema wazi kwamba sababu moja tu ingeweza kuiingiza Misri tena katika vita, nayo ni maji. Onyo hilo lilielekea juu ya mto, hasa Ethiopia, maana sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri inatoka huko.

Mwishoni mwa 1979 alianzisha kazi ya mfereji wa kupeleka maji ya Nili Sinai. Akaongeza ahadi: amani ikikamilika, pamoja na jambo la Yerusalemu, maji hayo yangeweza kuendelea mpaka Israeli. Alijua Waisraeli wana kiu. Tangu 1964 walikuwa wakivuta maji kutoka ziwa la Galilaya hadi jangwa la kusini, na Siria ilipojaribu kugeuza vijito vya Yordani, mizinga na ndege zilijibu. Sadat alifikiri maji yangeweza kufunga amani kama vile yalivyoleta vita.

Ahadi ile haikutimia. Begin hakutaka kubadilisha Yerusalemu kwa maji. Wamisri wengi walikasirika. Ethiopia ilipinga, maana haikuulizwa. Nasi tulikuwa na neno. Mto Semliki unatoka ziwa Edward pale Ishango, unapita nchi ya Beni na Ituri, unaingia ziwa Albert, na kutoka huko maji yanashuka kwenda Sudan na Misri. Maji ya hapa Lubumbashi yanaenda mto Kongo, lakini maji ya wandugu zetu wa Ishango yanaenda kwa wakulima wa Mit Abu al-Kum. Sadat alikuwa jasiri wa kusema na adui, lakini alikuwa tayari kugawa kisima cha pamoja bila kuwauliza wanaokaa kwenye chemchemi.

Mwisho wake

Gharama ilikuwa kubwa. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliisimamisha Misri na kuhamisha makao yake Tunis. Wapalestina hawakupata walichoahidiwa, na jeraha hilo halijapona mpaka leo. Nyumbani Sadat alizidi kuwa mkali. Mwezi wa Septemba 1981 alifunga watu zaidi ya 1500 wa kila upande, na Papa Shenouda wa Tatu, kiongozi wa Wakristo Wakopti, akamfungia katika monasteri ya jangwani. Aliyeweza kumsikiliza adui wa nje alishindwa kuwasikiliza watu wa nyumba yake.

Tarehe 6 Oktoba 1981, katika gwaride la kukumbuka vita, askari wake mwenyewe walimpiga risasi. Maziko yake yaliangukia siku ya Sabato. Begin alikwenda kwa miguu ili asivunje sheria ya Mungu wake. Viongozi wengi wa Kiarabu hawakufika.

Tarehe 25 Aprili 1982 Sinai ilirudi kama ilivyoandikwa. Majuma matatu baadaye, tarehe 14 Mei, Zaire ilirudisha uhusiano na Israeli, na nchi kadhaa za Kiarabu zikavunja uhusiano nasi. Mwaka wa 1983 Misri ilizialika nchi za Nili, Zaire ikiwamo, katika umoja ulioitwa kwa neno la Kiswahili: Undugu. Mwaka wa 1994 Yordani nayo ilifanya amani na Israeli, na safari hii ugawaji wa maji uliandikwa ndani ya mapatano yenyewe. Mwaka wa 1999, Dar es Salaam, nchi za Nili zilianza kukutana katika chombo kimoja, Kongo nayo ikiwamo. Ugomvi juu ya bwawa kubwa la Ethiopia unaonyesha kwamba kazi haijaisha.

Neno kwa makanisa yetu

Kitabu cha Mwanzo kinataja visima mara nyingi. Mungu alimwonyesha Hagari maji mtoto alipokaribia kufa kwa kiu, na mtoto huyo ni Ishmaeli. Abrahamu alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja. Kisha Isaka alikaa karibu na Beer-lahai-roi, kisima kilichopata jina lake kutokana na maneno ya Hagari. Mungu hakumwacha mmoja wa wana hao afe na kiu. Basi tukiiombea Israeli, tuwaombee na wana wa Ishmaeli katika sala ileile.

Na sisi wa mashariki tunajua mapatano yanayotiwa sahihi mbali, wakubwa wawili mezani, na kijiji kinasikia habari katika radio. Tusifanye hivyo katika mambo yetu wenyewe. Pale kanisa linapochimba kisima, au linapofunga bomba kwenye chemchemi ya mlimani, wazee waketi kwanza na wale wa bondeni, hata wasiosali nasi, hata wale tuliogombana nao. Mwenye bidoni tupu aulizwe kabla bomba halijafungwa. Sadat alitufundisha kwenda nyumbani kwa adui. Aliposahau kumwuliza jirani, amani yake ilibaki nusu.

Mungu wa Abrahamu awape amani ninyi na jirani zenu. Amina.